Baridi Yetu Si Baridi ya Ulaya

Hakuna mti unaosifiwa nchini siku hizi kama mparachichi. Tangu China ilipokubali, mnamo mwaka 2022, kupokea maparachichi yetu yakiwa mabichi badala ya kugandishwa kwanza, kila mwenye robo ekari anataka kujua mche wa Hass unauzwa kwa bei gani. Tamaa hiyo imevuka mipaka ya Murang'a na Kisii, ambako mti huu umestawi kwa miaka mingi, ikapanda hadi Kinangop na Ol Kalou, kwenye nyanda ambazo wenyeji hawavui makoti. Wapo wakulima wa huko wanaoshauriwa kuachana na viazi na kabichi ili wapande miparachichi.

Sina ugomvi na mparachichi. Ninachouliza ni kama tunaifahamu baridi tunayoutia mti huo.

Huko Ulaya baridi ni majira. Huja polepole, miti ikapukutisha majani na kulala, kisha huondoka, miti ikaamka. Nyandarua iko karibu na ikweta, na tofauti ya joto baina ya adhuhuri na alfajiri hupita tofauti ya mwezi na mwezi. Baridi yetu ya kuua haiji kwa majira, huja kwa usiku mmoja. Aghalabu ni Januari au Februari, wakati wa kiangazi, mbingu zikiwa wazi na upepo umetulia. Ardhi hupoteza joto lake kuelekea angani, na kufikia alfajiri nyasi zimefunikwa na jalidi, yaani umande uliogeuka kuwa barafu. Saa nne asubuhi jua linachoma! Mti wowote utakaoletwa huku sharti uvumilie yote mawili kwa siku moja. Januari 2012 jalidi ilibabua hata majani chai kule Kericho na Nandi, mahali ambapo chai imezoea kwa miongo mingi.

Mparachichi nao una koo zake. Hass ina damu nyingi ya ukoo wa Guatemala, na joto likishuka kidogo tu chini ya sifuri, maua na vitunda vyake huharibika. Fuerte ni tofauti kidogo. Vikonyo vyake vilichukuliwa Atlixco, Mexico, mwaka 1911 na kupelekwa California. Mwaka 1913 baridi kali iliangamiza miche mingi huko, huu ukasalimika, ndipo ukapewa jina hilo ambalo kwa Kihispania ni mwenye nguvu. Nguvu hizo zinatokana na damu ya nyanda za juu za Mexico. Ajabu ni kwamba Fuerte tulikuwa nayo tangu zamani, nasi tunaikata ili tupachike Hass juu ya shina lake, kwa sababu soko linapenda ganda gumu lisilochubuka safarini. Soko halina makosa, lakini soko halilali Kinangop.

Isitoshe, jalidi si adui wa pekee. Ua la mparachichi hufunguka mara mbili: mara ya kwanza likiwa jike, mara ya pili likiwa dume. Hass huanza asubuhi ikiwa jike, Fuerte huanza alasiri, na ndiyo maana aina hizi mbili zikipandwa pamoja husaidiana. Asubuhi ikiwa ya baridi sana ratiba hiyo huvurugika, na nyuki nao hawatoki mzingani. Mkulima hubaki na mti wa kijani kibichi, mzuri wa kupigia picha, usio na tunda.

Basi tupande matufaha, atasema mwingine, maadamu hilo ni tunda la baridi. Hapa pana kichekesho. Aina nyingi za matufaha ya Ulaya huhitaji takriban saa 1,000 za baridi iliyo chini ya digrii 7 ndipo macho yake yaamke, nazo huzihitaji wakati mti umelala. Baridi yetu ya usiku, inayofuatwa na jua kali, haiulazi mti. Ndiyo sababu wanaofanikiwa katika nchi za joto hutumia aina kama Anna, iliyozalishwa Israeli, ambayo hutosheka na saa chache. Wakulima wa Batu, katika kisiwa cha Java, huyapukutisha majani kwa mikono baada ya mavuno ili kuudanganya mti kwamba umekwisha lala. Kwa hiyo katika shamba lile lile mparachichi waweza kufa kwa baridi, na mtufaha ukazubaa kwa kuikosa.

Muuza miche huzungumzia kaunti nzima. Jalidi huchagua pembe ya shamba. Hewa baridi ni nzito, hutiririka mteremkoni kama maji na kutuama bondeni, na ua lililofungamana upande wa chini huizuia isitoke. Mti ulio katikati ya mteremko waweza kupona ilhali wa bondeni, hatua mia moja tu kutoka hapo, umeungua. Wengi huwasha majani mabichi ili moshi uzuie jalidi. Moshi hausaidii kitu. Kinachosaidia ni joto la moto wenyewe, udongo uliomwagiliwa maji mchana na gunia juu ya mche mchanga.

Walimu wa kilimo na jiografia katika nyanda hizo wanaweza kufanya jambo ambalo hakuna dalali atakayelifanya. Vipimajoto viwili, kimoja juu ya kiwanja cha shule na kingine chini, visomwe kila alfajiri kuanzia Januari hadi Machi. Wanafunzi wa bweni huamshwa kabla ya jua kuchomoza hata hivyo. Daftari la miaka mitatu litaonyesha pasipofaa kuchimbwa shimo la mparachichi. Nayo serikali, ambayo husajili vitalu vya miche, ivitake vibandike kwenye kila mche idadi ya mita juu ya bahari na kiasi cha baridi ambacho mti huo huvumilia. Hass iliyopandikizwa huchukua miaka mitatu hivi kabla ya mavuno ya maana, na mkulima aliyeng'oa viazi hana cha kuuza katika kipindi hicho.