Treptow, upande wa bwawani

Ukiwa Berlin na una saa mbili tu, nenda Treptower Park. Mchoro ni wa Gustav Meyer, kazi ikaisha 1888. Wengi watakupeleka moja kwa moja kwa askari wa Kisovieti: sanamu ya mita 12, mtoto mkononi, na wanajeshi takriban 7,000 wamezikwa pale. Sawa, itazame. Ila usiondoke kabla hujafika bwawa la Karpfenteich.

Hapo ndipo 1896 Wajerumani walifanya maonyesho ya makoloni yao. Walileta watu 106, Waswahili na Wamasai wakiwemo, wakawaweka kwenye vijiji vya kuigiza ili watu wapite kuwatazama. Wakajenga hata mfano wa ngome ya Isike, mtemi wa Unyanyembe. Isike yuleyule ambaye Januari 1893, Wajerumani walipoivamia ngome yake Tabora, aliwasha ghala la baruti ili asishikwe akiwa hai. Miaka mitatu baadaye ngome yake ni pambo la bustani, watu wanaitembelea Jumapili na watoto. Yaani arobaini yenyewe ni kama haijaisha!

Kati ya walioletwa alikuwepo Kwelle Ndumbe wa Kamerun. Alijinunulia darubini ndogo, ile ya kuangalizia michezo jukwaani, akawa anawatazama watazamaji. Huyu bwana nampenda sana.

Tangu 2017 makumbusho ya Treptow, kule Johannisthal, yana onyesho lenye majina na picha zao. Anzia huko, halafu ndiyo uje bwawani.