Ukuta wa jirani unavyomeza ufuo wako

Jumapili mchana, wewe na mbogi yako mmejazana kwenye matatu ya Bamburi, mpira mkononi na hela kidogo za viazi karai. Mnashukia ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta, ule sote tunauita Pirates. Maji yamekupwa, mchanga ni mwingi, hakuna noma. Sasa rudi siku ya bamvua, mwezi ukiwa mpevu, maji yakiwa yamejaa, kisha utembee kando ya bahari kupita hoteli na majumba ya kaskazini mwa Mombasa. Kuna mahali utafika mchanga uishe kabisa. Kulia maji, kushoto ukuta wa mawe. Utageuka tu urudi ulikotoka.

Aliyejenga ukuta huo si lazima awe na roho mbaya. Aliona mawimbi ya kusi yakichimba mizizi ya minazi yake, mwaka uliofuata ua ukaanguka, akaita fundi. Ningekuwa na ploti pale, huenda ningefanya vivyo hivyo. Bahari yenyewe imepanda: kati ya 1901 na 2018, kina cha bahari duniani kiliongezeka kwa wastani wa sentimita 20 hivi.

Shida ni kile ukuta unachofanya. Wimbi likipanda mchanga wenye mteremko, huchoka polepole, nguvu zake zikaishia njiani. Likigonga ukuta uliosimama wima, nguvu hizo hazina pa kwenda. Linarudi nyuma kwa kishindo na kuzoa mchanga ulio mbele ya ukuta. Halafu kuna ncha za ukuta: pale unapokoma, maji huzunguka na kuchimba ploti ya jirani. Jirani naye anaita fundi. Ndivyo kuta zinavyoshikana moja baada ya nyingine, na kila aliyejenga ana sababu yake.

Na huo mchanga unaopotea ni wa nani? Fungua Katiba ya 2010, kifungu cha 62. Ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na ya maji kupwa ni ya umma. Ni yako, hata kama hujawahi kushika hatimiliki maishani mwako. Ufuo ukiachwa huru, bahari ikipanda, ukanda huo husogea taratibu kuelekea nchi kavu. Ukuta unauzuia kusogea. Upande wa bahari maji yanazidi kuja, upande wa ploti kuna mawe, na kilichoko katikati kinabanwa hadi kiishe. Hakuna aliyekunyang'anya kwa karatasi, kwa hivyo hata kortini hujui umshtaki nani. Ploti imeokolewa, ufuo umekwenda.

Mtu atasema, je, dhoruba? Ni swali la haki. Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipokuwa kikielekea Tanzania, serikali yetu ilisimamisha uvuvi na kuogelea katika Pwani nzima. Lakini tuko karibu mno na ikweta, na vimbunga hutufikia kwa nadra. Kinachotula ni bamvua na kusi, mwaka baada ya mwaka. Na dhidi ya hayo tuna ukuta mwingine ambao hatukuujenga: mwamba wa matumbawe. Uchunguzi wa miamba ya sehemu mbalimbali duniani uliochapishwa 2014 ulionyesha kwamba hupunguza nguvu za mawimbi kwa wastani wa asilimia 97. Wetu uliumia vibaya 1998, joto la bahari lilipopanda na matumbawe mengi yakapauka na kufa. Mwamba ukifa na kumomonyoka, mawimbi huingia na nguvu zaidi, nasi tunaongeza mawe ufuoni.

Sisemi kuta zote zibomolewe. Fort Jesus ilijengwa kati ya 1593 na 1596 na haiwezi kuhamishwa. Mawimbi yalipoanza kula msingi wake, kuukinga kwa mawe kulikuwa na maana. Wala usikubali kila anayekuambia dawa ni kupanda mikoko. Kule Gazi, Kwale, wanakijiji wa mradi wa Mikoko Pamoja wanalinda msitu wao na wamekuwa wakiuza hewa ya kaboni tangu 2013, kazi safi kabisa. Lakini mikoko hupenda matope ya hori lililotulia. Ipande kwenye mchanga wa Bamburi unaopigwa na mawimbi uone kama itamaliza msimu mmoja.

Kwa ploti ambayo bado haijajengwa, jibu ni la bei rahisi kuliko mawe: jenga mbali na maji, acha mimea inayotambaa mchangani. Palipojengwa tayari, mawe makubwa yaliyolazwa kwa mteremko huvunja nguvu za wimbi kuliko ukuta wima, ingawa nayo hula nafasi.

Sheria ya mazingira ya 1999 inataka miradi inayoweza kuathiri mazingira ifanyiwe tathmini, na kwa ile mikubwa NEMA hutoa tangazo gazetini ili umma utoe maoni. Matangazo hayo huwa kwenye zile kurasa unazoruka ukitafuta matokeo ya ligi. Ukiona limetaja ufuo unaoujua, andika barua. Uliza ukuta utaishia wapi, na ploti inayofuata ni ya nani. Uliza pia siku ya bamvua watu watapita wapi.