Risasi zilizogoma

Wiki yangu nusura iishie kwenye vidole. Si vyangu, vya mtu mwingine, lakini vidole ni vidole.

Nilikuwa nimejikalia zangu Ngamiani jioni, kijiwe cha kahawa, kwenye barabara zetu zile za namba. (Raha ya Ngamiani ndiyo hiyo, mgeni unamwambia barabara ya ngapi, basi. Akipotea hapo ujue ana lake jambo.) Kashata mkononi, stori za mpira zinakwenda, mara akatokea dogo mmoja muokota skrepa. Baiskeli imeelemewa, nondo huku, sufuria lililotoboka kule. Akamsogelea fundi baiskeli wa jirani akaomba nyundo.

"Ya nini?" fundi akauliza.

"Kuna kishaba hapa nataka kukipasua, kaka. Kichwa nitupe, hili ganda nikauze."

Akachomoa kitu mfukoni. Kirefu kama kidole, kimeota ukijani kama kopo la chooni. Yakhe, kahawa ilinimwagikia. Ilikuwa risasi nzima! Ganda na kichwa chake, haijapigwa.

Mzee mmoja pale kijiweni, mtu ambaye huwa hasemi mpaka aulizwe, akanyanyua mkono. "Mwanangu, weka chini. Taratibu. Usiitupe, iweke."

"Imeshakufa hii, babu. Si unaona ilivyooza? Nimepewa shamba huko njia ya Horohoro, imekaa ardhini miaka na miaka."

Hapo ndipo leo ninapotaka tukae kidogo. Imekufa? Nani kakwambia? Suali hilo hilo liliwahi kulikalisha jeshi zima chini miezi kadhaa, na chanzo chake ni hapa hapa kwetu, bahari ya Tanga.

Kwanza tufahamiane risasi ni kitu gani, maana sinema zinatudanganya. Ule mchongoko wa mbele ni kichwa tu, ndicho kinachoruka. Nyuma yake kuna ganda, ndani ya ganda kuna baruti. Baruti peke yake haijilipui, lazima iwashwe. Sasa angalia kitako cha ganda, katikati, utaona kiduara kidogo kama kichwa cha msumari. Hicho ndicho fataki. Ndani yake kuna tone la dawa isiyopenda kugongwa. Pini ya bunduki ikiidonyoa, dawa inatoa cheche, cheche inapenya tundu na kuiwasha baruti, kichwa kinaondoka. Bila fataki risasi ni kipande cha chuma tu. Fataki ikiwa nzima, risasi ni risasi, hata kama nje imeota kutu.

Haya, turudi nyuma. Vita vya Tanga vya Novemba 1914 mnavijua, na kile kisa cha nyuki mmeshakisikia mpaka mmechoka. Waingereza walileta watu kama 8,000 kutoka India, Mjerumani Paul von Lettow-Vorbeck akawapokea na watu kama 1,000, wageni wakarudi melini. Waliacha nyuma bombomu 16, bunduki 455 na risasi 600,000. Kwa Lettow-Vorbeck ilikuwa kama zawadi ya Idd. Askari wake wengi walikuwa bado na bunduki za mwaka 1871, zile za baruti ya moshi, ukipiga mara moja tu wingu linakusaliti ulipojificha.

Lakini vita vinakula. Januari 1915 wakapigana Jasini, kule mpakani, siku mbili tu. Mjerumani alishinda, ila alipohesabu akakuta ametumia risasi 200,000. Mwenyewe aliandika baadaye kwamba vita vya namna ile angeweza kumudu vitatu zaidi, basi. Bahari imefungwa na manowari za Waingereza. Duka la risasi liko Ujerumani.

Ndipo ikaja meli. Jina lake halisi Rubens, ila iliondoka Ujerumani Februari 1915 imejibandika jina Kronborg na bendera ya Denmark, nahodha akiwa Carl Christiansen. Mchezo wa mjini huo! Tumboni ilibeba makaa ya mawe kwa ajili ya manowari Königsberg iliyokuwa imejificha Rufiji, pamoja na bunduki na mamilioni ya risasi. Aprili 14, 1915 manowari ya Waingereza Hyacinth ikaiona karibu na pwani yetu. Ikaanza kuikimbiza, mara injini yake moja ikaleta matatizo. Christiansen akapata upenyo, akajichomeka ghuba ya Manza, kaskazini ya mji wetu. Siku hizi ni wilaya ya Mkinga.

Alipoona hana pa kwenda akafanya ujanja. Akafungulia maji ya bahari yaingie melini, na juu ya sitaha akawasha moto. Waingereza wakaja, wakapiga mizinga, wakaona moshi na meli inakaa chini, wakasema hii kwisha habari yake, wakaenda zao. Kumbe mzigo upo! Umelowa, lakini upo. Ukaanza kuopolewa, ukapelekwa relini na kupandishwa hadi Moshi, ambayo wakati huo Wajerumani waliiita Neu Moschi.

Sasa sikilizeni mkasa. Mwanzoni risasi zilionekana nzima. Kwani risasi si imezibwa? Imezibwa, lakini si kama chupa ya soda. Maji hupenya kidogo kidogo pale fataki ilipokaa na pale kichwa kilipobanwa shingoni. Na maji yenyewe ni ya bahari. Mtu wa Tanga hahitaji kufundishwa habari za chumvi, weka chumvi kwenye kopo wakati wa masika uone inavyotoa jasho. Unaweza ukaanika risasi juani wiki nzima, maji yakaenda, chumvi ikabaki ndani inaita unyevu upya. Ganda linaota kijani, baruti inaharibika, dawa ya fataki inakufa polepole. Leo imelia, mwezi ujao inagoma.

Lettow-Vorbeck anaeleza kwenye kitabu chake cha kumbukumbu, kilichotoka 1920, kwamba hapakuwa na njia ila kufungua risasi zote. Zote jamani! Kichwa kinatolewa, baruti inamwagwa na kusafishwa, na baadhi ikabidi ziwekwe fataki mpya. Bahati fataki zilikuwepo humu nchini, ila zilikuwa za aina nyingine. Askari na watu wengine waliopatikana Moshi wakakalishwa kazini kutwa, asubuhi mpaka usiku, kwa miezi. Majina yao sijayaona popote. Ya nahodha tunayo, ya meli tunayo majina mawili, ya wale waliokaa wameinama wanachokonoa vitu vinavyoweza kulipuka, hakuna.

Na hapo kwenye "aina nyingine" ndipo mafundi wataelewa. Fataki haikai popote tu. Inataka ikae kwenye kitundu chake sawasawa, ibane, na uso wake uwe chini kidogo ya kitako cha ganda. Ikizama mno pini haiifikii vizuri, utasikia "ta!" kisha kimya. Ikichomoza ni hatari zaidi, maana kufuli la bunduki linaweza kuigonga kabla hujajiandaa. Ikilegea inayumba, inaweza kudondoka na kuziba mahali. Na kitundu kikiwa na uchafu au chumvi, haiingii mpaka mwisho. Pigo la kwanza la pini linamalizikia kuisukuma badala ya kuilipua. Ndiyo maana wakati mwingine risasi inagoma mara ya kwanza, inalia mara ya pili. Mpaka leo wapiga shabaha wa nchi zinazoruhusu watu kujijazia risasi wana mashine za kupanga fataki moja moja, na ugomvi wao mkubwa na mashine hizo ni huo huo, fataki imekaa upande, fataki haikushuka, kitundu kichafu. Moshi ya 1915 walikuwa na vidole.

Matokeo? Walizipima kwa kuzipiga. Fungu ambalo risasi zake ziligoma kama asilimia 20 hivi lilionekana linafaa kwa vita. Lililogoma zaidi ya hapo likaachwa kwa mazoezi. Soma tena hiyo namba, ndugu yangu. Ishirini kwa mia ndiyo ilikuwa NZURI. Bunduki ya Mauser ya 1898 inabeba risasi tano. Maana yake askari akijaza bunduki yake, ahesabu moja ni bubu, na hajui ni ya ngapi. Adui yuko hatua hamsini, unavuta, "ta!", kimya. Unafungua kufuli, unaitupa, unaingiza nyingine. Sisi mtu akikosa mtandao sekunde tano anataka kupasua simu.

Risasi kavu, zile ambazo hazijaonja bahari, hazikupewa mwenye bunduki. Ziliwekwa kwa ajili ya bombomu tu. Si upendeleo. Bunduki ya mkono inalishwa na mkono wako, risasi ikigoma unaitoa mwenyewe. Bombomu ya Maxim inajilisha kwa nguvu ya risasi inayolia: ile iliyolia ndiyo inayorudisha mtambo nyuma, inatoa ganda tupu na kuvuta risasi inayofuata kwenye mkanda. Ikigoma moja, mashine yote inasimama mpaka mtu avute mkono wake upya. Mkanda una risasi 250. Kwa zile za asilimia 20, ingesimama kama mara 50 mkanda mmoja. Hiyo si silaha tena, ni cherehani bovu.

Machi 1916 meli nyingine, Marie, ilifika Sudi kule Lindi na mzigo usiolowa, wakapumua. Julai mwaka huo Waingereza waliichukua Tanga, vita vikaendelea mbali na sisi mpaka Novemba 1918.

Basi nikamgeukia dogo. Nikamwambia, hesabu hiyo igeuze. Kama ishirini kwa mia ziligoma, themanini zililia, na zilikuwa zimezama baharini. Yako hii sijui ni ya meli gani wala ya vita gani, lakini kutu ya nje haikwambii chochote kuhusu fataki. Na ukiigonga ikiwa nje ya bunduki, ganda halijashikwa na chochote, linapasuka vipande. Anayekula vipande ni mkono na macho. Hata wenye bunduki zao halali, risasi ikigoma hawakimbilii kufungua, wanaelekeza mtutu mahali salama na kusubiri nusu dakika, maana kuna inayochelewa.

"Sasa niifanye nini?" dogo akauliza. Sauti imeshashuka.

Mzee akasema inabaki pale pale ilipo, tunaita polisi, waje wenyewe wenye ujuzi. Kumbukeni pia sheria ya silaha na risasi ya 2015, kukutwa na risasi bila kibali ni kosa, na "nimeiokota" si kibali. Kwa hiyo usiifiche uvunguni ukasema kesho. Usiigonge, usiichome moto, usiiweke kwenye gunia la skrepa ikaenda kupondwa na mwenzio. Ukiikuta shambani usiiguse kabisa, weka alama, toa taarifa.

Tukaweka kiti cha plastiki juu yake mtoto asiikanyage, tukasogea upande wa pili wa barabara na birika letu. Polisi walikuja, wakaichukua, wakamuuliza dogo maswali mawili matatu na kumshukuru. Dogo akabaki amesimama na baiskeli yake.

"Kaka," akaniambia, "pale shambani zimebaki mbili."

Tukamwita afande arudi.