Kutokwa damu nyingi si jambo la kuvumilia

Wapo akina mama wengi ambao kila mwezi hutokwa damu kwa siku nane au kumi, tena yenye mabonge, na bado hujikongoja kwenda shambani au kazini. Wakilalamika huambiwa kuwa ndiyo kawaida ya wanawake. Wengine huambiwa wamelogwa. Sisi hatukubaliani na maelezo hayo.

Mara nyingi chanzo chake ni uvimbe unaoota katika misuli ya mfuko wa uzazi, ambao madaktari huuita fibroidi. Uvimbe huo si saratani. Utafiti uliotangazwa Marekani mwaka 2003 ulionyesha kuwa wanawake zaidi ya 80 katika kila 100 wenye asili ya Afrika huwa nao wafikapo umri wa miaka 50. Jambo linalowapata wengi kiasi hicho haliwezi kuwa kazi ya jirani mchawi.

Wengi hawapati shida yoyote, wala hawahitaji dawa au kisu. Lakini anayetokwa damu nyingi hupungukiwa damu mwilini. Huchoka upesi, hupata kizunguzungu na moyo humwenda mbio. Huyo asingoje. Zipo dawa za kupunguza damu inayotoka, na vidonge vya kuongeza damu. Upo upasuaji wa kuondoa uvimbe peke yake na kuuacha mfuko wa uzazi. Upo pia wa kuondoa mfuko wote, ambao humaliza ugonjwa lakini humaliza na uzazi. Kwa kawaida uvimbe hunywea baada ya hedhi kukoma. Atakayetokwa damu tena baada ya hapo afike hospitali haraka.

Kwa hiyo tunawaomba madaktari na wauguzi wamweleze mama njia zote hizo kabla ya kumpa karatasi ya kutia sahihi au dole gumba. Waume nao wawasindikize wake zao hospitali badala ya kuwalaumu kwa kukosa mtoto. Na wale wauza mizizi wa stendi wanaodai kuyeyusha uvimbe kwa chupa moja wasisikilizwe. Kila mwezi unaopotea kwao ni damu ya mama inayopotea.