Sayansi kwa Asiye na Mtihani

Ingia duka la vitabu uombe kitabu cha sayansi kwa Kiswahili. Aghalabu muuzaji atakuuliza: cha darasa la ngapi? Hana kosa. Kwetu kitabu cha sayansi kina mwenyewe, naye ni mwanafunzi. Mtihani ukipita, kinarithiwa na mdogo wake au kinaishia kufungia karanga. Fundi umeme, mama lishe, nesi aliyestaafu, kijana wa bodaboda anayesubiri abiria, hao hawana kitabu chao. Waraka huu ni kwa ajili yao, na kwa wale wanaoweza kuwaandikia.

Wapo wanaoona vitabu vya namna hiyo ni anasa ya walioshiba. Wamtazame Michael Faraday, mtoto wa mhunzi wa Kiingereza, aliyezaliwa mwaka 1791 katika nyumba ya dhiki. Shuleni aliambulia kusoma, kuandika na hesabu kidogo, basi. Alipofika miaka 14 akapelekwa kujifunza kazi kwa mtu wa London aliyejalidi na kuuza vitabu, na kijana huyu akawa anavisoma anavyovijalidi. Kimojawapo kilikuwa Conversations on Chemistry cha Jane Marcet. Mama huyo hakuwa bingwa wa maabara. Alikuwa msikilizaji wa mihadhara ya kemia ambaye mengi yalimpita, mpaka alipokaa na rafiki yake kuyazungumza. Ndipo akaandika kitabu cha mazungumzo kati ya mwalimu na wasichana wawili wanaouliza maswali bila kuona haya. Miaka mingi baadaye, Faraday akiwa bingwa mwenye sifa, alikiri kwamba msingi wake wa kemia aliupata humo.

Mwaka 1831 akaonyesha kwamba sumaku ikisogezwa ndani ya waya uliozungushwa, umeme hupita kwenye waya huo. Maji ya Mtera, Kidatu na Bwawa la Julius Nyerere yanazungusha mitambo inayofuata kanuni hiyo hiyo. Wala Faraday hakuwasahau waliokuwa nje ya mlango alioingilia. Alitoa mihadhara ya vijana wakati wa Krismasi kwenye taasisi ya sayansi ya Royal Institution, na ile ya mshumaa ikatoka kuwa kitabu mwaka 1861. Kitabu kizima kuhusu mshumaa: nta inapandaje utambini, mwali unang'aa kwa sababu gani, na maji yanatoka wapi kitu kikiungua. Hadi leo kinachapishwa.

Hesabu nayo? Huko Brazili mwalimu Júlio César de Mello e Souza alijipa jina la Kiarabu, Malba Tahan, akaandika O Homem que Calculava, visa vya mtu hodari wa kukokotoa. Katika kisa kimoja ndugu watatu wameachiwa ngamia 35: mkubwa apate nusu, wa pili theluthi, wa mwisho moja ya tisa. Hawagawanyiki. Yule hodari anaongeza ngamia wa rafiki yake, wakawa 36. Mkubwa anachukua 18, wa pili 12, mdogo 4, na kila mmoja amepata zaidi ya haki yake. Jumla ni 34. Wanabaki wawili: mmoja anarudishwa kwa mwenyewe, wa pili anakuwa ujira wa mgawaji. Msomaji wa Lamu au Pangani atadhani anasoma Abunuwasi. Lakini jumlisha nusu, theluthi na moja ya tisa: unapata 17 kwa 18. Baba aliacha kipande cha mali bila mwenyewe. Waliosoma faraidhi, elimu ya mirathi ya Kiislamu, watatabasamu, kwa sababu mafungu yasiyotimiza mali yote wanayajua, na wana kanuni yake. Brazili imeifanya tarehe 6 Mei, siku aliyozaliwa mwalimu huyo, kuwa siku ya taifa ya hisabati.

Sisi tunaye Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa kidato cha tatu Magamba, Lushoto, alitengeneza aiskrimu na wenzake. Desturi ilikuwa kuchemsha maziwa, kuyaacha yapoe, kisha kuyatia kwenye friji. Mpemba aliogopa kukosa nafasi, akayatia yakiwa moto, na yakaganda kabla ya ya mwenzake. Mwalimu akamwambia amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa shule ya Mkwawa, alimuuliza jambo hilo Denis Osborne, mwanafizikia wa chuo kikuu cha Dar es Salaam, wenzake wakacheka. Osborne hakucheka, alikwenda kupima. Mwaka 1969 makala ya wawili hao ilichapishwa Uingereza. Wataalamu bado wanabishana, na wapo waliopima wasione kitu, lakini jina la Mpemba liko kwenye ubishi huo duniani kote. Je, umewahi kukiona kisa hicho dukani kwenu kama kitabu cha Kiswahili?

Kisingizio kwamba Kiswahili hakina msamiati wa sayansi kimechakaa. TUKI, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia tangu mwaka 1990, na watoto wa Tanzania wanasoma sayansi kwa Kiswahili shule ya msingi.

Kwa hiyo, mwalimu wa fizikia uliyestaafu, kamata kalamu. Usianze na ulimwengu wote, anza na bamvua, yaani bahari kujaa na kupwa kupita kawaida. Mvuvi wa Bagamoyo anajua fika kwamba bamvua huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu. Mpe kurasa zinazomweleza jinsi jua na mwezi vinavyoshirikiana kuvuta bahari siku hizo. Ukimaliza, msomee yeye kabla ya kumpelekea profesa. Akikukatiza kwa maswali, hayo ndiyo ya kuongeza kitabuni. Fomula ziwe haba: Stephen Hawking aliambiwa kila moja ingempunguzia wanunuzi nusu, na katika kitabu chake cha mwaka 1988 akabakiza moja tu.

Wachapishaji, toeni vitabu vyembamba, vya kutia mfukoni, bei isizidi sahani ya chipsi mayai. Watangazaji wa redio, visomeni hewani jioni. Wakutubi, viwekeni rafu ya mbele, mbali na vile vya mitihani.

Nawe msomaji, ukikikuta kimoja, kinunue, usikiazime. Mchapishaji anahesabu nakala zilizouzwa, pongezi hazimlipii karatasi. Usipokiona, mwandikie umtajie unachotaka: bamvua, umeme, hesabu za mirathi. Mwandikie wiki hii.