Hazina ya Mchunga Kondoo na Mashimo ya Migori

Kiko kitabu ambacho siku hizi nakiona kila niendako. Nimekiona Mombasa kwa wauza vitabu vikuukuu, na katika safari yangu ya juzi ya pande za ziwani nimekikuta Migori mjini, kimetandazwa juu ya gunia kando ya viatu vya mitumba. Ni The Alchemist, riwaya ya Mbrazili Paulo Coelho iliyotoka kwa Kireno mwaka 1988, ambayo vijana wetu huisoma kwa tafsiri ya Kiingereza. Kijana mmoja aliyekuwa akikifunuafunua aliniambia, "Mzee, hiki kinafundisha maisha." Naam, maisha gani?

Kisa chenyewe ni chepesi. Santiago, mchunga kondoo wa Andalusia, anaota kwamba kuna hazina yake kwenye piramidi za Misri. Anauza kondoo wake, anavuka bahari hadi Tangier, anaibiwa fedha zote mara tu afikapo, anatumika karibu mwaka mzima katika duka la vyombo vya bilauri, kisha anafuata msafara wa jangwani. Alipofika Misri anapigwa, na mmoja wa waliompiga anamcheka: mbona hata yeye aliota hazina iliyofukiwa Hispania, ndani ya kanisa bovu, na hakwenda? Kumbe kanisa hilo ndilo alimokuwa akilala Santiago na kondoo wake.

Waliosoma Alfu Lela Ulela watatabasamu. Mtu wa Baghdad aliyeota kuwa riziki yake iko Misri, akaenda akapigwa, akaelezwa na aliyempiga habari za hazina iliyo nyumbani kwake mwenyewe, yumo mle tangu zamani, na Maulana Jalaluddin Rumi naye alimtia katika Mathnawi yake karne ya 13. Simlaumu Coelho kwa kuazima, maana hadithi haina hatimiliki. Tena amemwongeza mtu ambaye mimi namwona bora kuliko Santiago: mwenye duka la bilauri, Mwislamu aliyetamani kuhiji umri wake wote, na sasa ana uwezo wa kwenda ila haendi, kwa kuogopa kuwa akisharudi Makka hatakuwa na la kumwamsha asubuhi. Ndugu msomaji, watu hao tunao, na picha ya Al-Kaaba wameitundika juu ya mzani.

Ila Coelho ameongeza na jingine, ambalo ndilo vijana wanalolishika: kwamba mtu akilitaka jambo kwa moyo wake wote, ulimwengu mzima hujipanga kumsaidia. Hapo tunaachana. Wako wanaosema hiyo ndiyo tawakali. Siyo. Tulisomeshwa chuoni habari za mtu aliyemwuliza Mtume (S.A.W.) kama amwache ngamia wake bila kumfunga akamtegemea Mungu, naye akaamrishwa amfunge kwanza ndipo ategemee. Santiago hafungi kitu, naye mwandishi humfungia kila mara.

Na Migori ni mahali pabaya pa kulisoma neno hilo, kwa kuwa hapo hazina kweli iko chini ya malisho ya mifugo. Huko Nyatike, mgodi wa Macalder ulitoa shaba na dhahabu hadi ulipofungwa mwaka 1966. Leo wanakijiji huchimba wenyewe, katika mashimo membamba yaliyoegemezwa kwa miti, na miongoni mwao wamo watoto walioacha shule. Jabir bin Hayyan na wanakemia wa kale waliamini kuwa madini yote huzaliwa na kiberiti na zebaki. Migori zebaki si fumbo la vitabuni. Huchanganywa na unga wa mawe kwa mikono mitupu, kisha huchomwa motoni mpaka ibaki dhahabu, na moshi wake huvutwa na aliyesimama hapo, pengine mama mwenye mimba. Sumu hiyo hudhuru mishipa ya fahamu na mtoto aliye tumboni, na nyingine huingia mitoni kuelekea ziwani, kwenye samaki.

Mashimo hayo huporomoka. Kijana anayefukiwa humo naye alitaka kwa moyo wake wote.

Ukishapita Homa Bay mjini unafika Kendu Bay, mji wenye Waislamu wa tangu zamani. Pande hizo alizaliwa Barack Obama mkubwa, babake Rais wa 44 wa Marekani, kisha akakulia Kogelo, Siaya. Babake yeye, Hussein Onyango, alikuwa Mwislamu na mpishi wa Wazungu. Kijana huyo alichunga mbuzi, naye mwaka 1959 alikwenda kusoma Hawaii. Mchunga mifugo wa kweli, na safari ya kweli! Lakini si upepo uliomchukua. Alipokuwa karani Nairobi alisoma masomo ya posta ili apate vyeti, akaandika barua kwa vyuo vingi, na mwalimu wa kike wa Kimarekani aliyekuwa akishughulika na elimu ya kisomo akamhimiza na kumsaidia kwa gharama.

Masomo, barua, mwalimu na fedha: hayo hayamo katika mafunzo ya Coelho. Kijana wa Nyatike ambaye karo imemshinda ana kitabu kinachomwambia aifuate ndoto yake, na shimo lililo karibu zaidi liko mwendo wa nusu saa kwa miguu.