Njaa Haina Orodha
Ndugu yangu, dada yangu, hebu jiulize: kwa nini mama wa Lodwar athibitishe ufukara wake ndipo alipwe? Mpango wa HSNP ulizipa kaya maskini za Turkana, Wajir, Mandera na Marsabit shilingi 5,400 kila miezi miwili. Jirani asiye kwenye orodha akalala njaa vilevile. Kakuma nako, tangu 2015 mkimbizi akawa anatumiwa Bamba Chakula kwa simu. Mfadhili akikunja mkono, sufuria inakauka.

Eti pesa ya bure inaleta uvivu! Mbona marupurupu hayawalemazi waheshimiwa?

Katiba ya 2010, kifungu cha 43, yasema KILA MTU ana haki ya kutokuwa na njaa. Haikutaja orodha. Basi tudai kipato cha msingi kwa wote. Hii ni haki, si hisani. Usinyamaze!